Wembe wa Kasha la Vitabu

Nadine, wiki yangu ya mwisho dukani nilikupigia kelele mbele ya wateja, jambo ambalo sikuwahi kukufanyia tangu uanze kazi. Ulikuwa umeshika wembe na rula, unafanya kile hasa nilichokufundisha, nami nikapaza sauti kama mtu aliyeona nyoka. Ulinuna siku nzima. Wateja walidhani mzee amechanganyikiwa kwa sababu ya kustaafu, nami sikuwarekebisha. Sasa nimekaa nyumbani Katuba, mgongo unauma, hakuna mteja wa kunikatiza, na nimeona nikuandikie wewe pamoja na yeyote atakayekalia meza ya vitabu baada yako. Mambo ya mshahara nitayaruka. Hayana urefu.

Niliingia duka lile kununua bahasha. Nilikuwa na barua ya kuomba kazi kwenye machimbo upande wa Kinsevere, nimeiandika kwa mkono, na nilitaka bahasha kubwa ili barua isikunjwe. Mwenye duka, Papa Mulumba, aliichukua mkononi mwangu bila kuomba ruhusa, akaisoma akiwa amesimama, kisha akatoa kalamu nyekundu.

"Njo hivi unataka kupeleka ku ba-patron?" aliniuliza. "Makosa saba mu page moya!"

Alipokuwa akisahihisha, akaingia mwalimu mwenye mitihani ya kutoa fotokopi, na Papa Mulumba akanisukumia bunda la karatasi na kidude cha kubania pini. Hakuniuliza kama nina nafasi. Nilibana pini hadi saa kumi jioni. Kesho yake nikarudi kuchukua barua yangu, nikabana tena. Barua ile haikutumwa kamwe. Iko hadi leo katika droo ya chini, upande wa kushoto, pamoja na wino wake mwekundu.

Papa Mulumba alikuwa mtu wa Kasai aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi, na mimi ni mtoto wa fundi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga. Wapo waliomwambia kwamba hatadumu na mimi, na wapo walioniambia kwamba sitamvumilia. Sababu zao tunazijua sote, hakuna haja ya kuzichimbua hapa. Kitu pekee tulichogombania kwa miaka yote ile ni gundi. Mimi nilitaka ya chupa, ya dukani, kwa sababu ni ya haraka. Yeye alitaka ya unga wa muhogo, aliyoipika mwenyewe kwenye mbabula, lile jiko la makaa nyuma ya duka, akikoroga polepole na kutia tone la mafuta ya taa ili mende wasije kula jalada. Alikuwa sahihi. Gundi ya chupa ikikauka huvunjika, na kitabu hufunguka mikononi mwa mteja siku ya pili. Ya muhogo inakubali kupinda. Isikorogwe na mtu mwenye haraka, na msimu wa mvua usipike ya zaidi ya siku mbili, itachacha na duka zima litanuka.

Alinifundisha kushona kurasa kwa uzi uliopakwa nta, kukunja karatasi kwa kipande cha mfupa wa ng'ombe, na kubana kitabu katikati ya mbao mbili zenye parafujo. Mbao hizo ndizo ulizoziita kitanda cha mateso. Siku za kwanza nilijichoma sindano kila kidole, na Papa Mulumba aliangalia damu kwenye karatasi na kuniuliza kama mwandishi ataomba kulipwa kwa ile rangi ya ziada.

Kasha lilikuja baadaye. Kwa kweli lilikuja na mashine mpya ya fotokopi, likiwa limeifunika, la mbao nzuri ambazo mtu yeyote wa mji huu angezichoma ama angezifanya mlango. Wiki ile ile Papa Mulumba alikwenda kumtembelea mwalimu wake wa zamani katika nyumba ya wazee ya masista. Alimkuta analala blanketi moja na mzee mwingine, na ilikuwa Juni, unajua baridi ya Juni ilivyo hapa. Asubuhi yake alilipaka kasha rangi ya bluu, akakata tundu kwenye kifuniko, akaandika mbele: VITABU VYA WAZEE. Mtu analeta kitabu ambacho hakihitaji tena, sisi tunakitengeneza na kukiuza kwa bei ya chini kwenye meza ya nje, na kinachopatikana kinakuwa blanketi, sabuni na unga wa bukari, yaani ugali, kwa wale wazee. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mmoja wetu anavipeleka. Hivi ndivyo ilivyoanza, na sijaona sababu ya kubadilisha lolote katika sehemu hiyo.

Watu walileta. Walileta vitabu vya hesabu, katekisimu, riwaya zisizo na mwisho kwa sababu panya walikuwa wamefika mwisho kabla yao, shajara za miaka iliyopita, maelezo ya kutengeneza trekta, na juzuu la pili la kila kitu. Sijui watu wa mji huu wanafanya nini na juzuu la kwanza. Ndani ya vitabu tulikuta tiketi za treni, majani yaliyokauka, picha za pasipoti, na mara moja kipande cha samaki mkavu kikiwa alama ya ukurasa. Profesa mmoja mstaafu alileta vitabu vyake vyote kwa gari, akatushika mikono, akaenda zake. Wiki iliyofuata alirudi kuviangalia mezani. Alinunua kimoja, chake mwenyewe, akakaa nacho siku chache, akakirudisha kwenye kasha. Alifanya hivyo mwaka mzima, kitabu kile kile. Siku aliyoacha kuja hatukuuliza, tulikiweka tu kwenye rafu ya ndani.

Sasa nifike kwenye wembe. Kanuni ya Papa Mulumba ilikuwa kwamba hakuna kitabu kinachopanda mezani kikiwa na jina la mtu. Ukurasa wenye jina unakatwa kwa wembe na rula, unaacha ukingo wa upana wa ukucha wa kidole gumba, ili ukurasa mwenzake uliounganishwa nao kwa uzi usichomoke. Ukurasa uliokatwa hausomwi. Unachomwa siku ile ile kwenye mbabula. Nilimuuliza sababu mara nyingi, akawa ananijibu kwamba adabu haina sababu. Aliniambia mara moja tu, siku ya mvua kubwa, tukiwa tumeingiza meza ndani na hakuna mteja.

Ilikuwa habari ya miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa hapa Katanga. Yeye alifichwa na majirani. Kaka yake alikwenda kungoja treni kwenye stesheni na magodoro yake na watoto, akafia pale pale stesheni, treni haijafika. Papa Mulumba alipotoka mafichoni alipita sokoni, akakuta kwenye turubai chini, kati ya masufuria na viatu, kitabu cha fizikia cha kaka yake. Jina lilikuwa limeandikwa mbele kwa herufi zilizonyooka.

"Bantu balikuwa banapita, banakanyanga," aliniambia, akimwita kaka yake yaya kama tufanyavyo hapa. "Nilikatala jina ya yaya yangu ilale ku turubai ya soko. Sikuwa na franga ya kununua kitabu. Nililomba ule muntu wembe, nikakata jina peke yake, nikaenda nayo."

Nilielewa, na tangu siku ile nilikata majina kwa uangalifu kuliko yeye. Sikujiuliza kama kuna jina ambalo mwenyewe anataka libaki.

Papa Mulumba alikufa kwa moyo, akiwa ameketi, mfupa wa kukunjia mkononi. Binti yake anayeishi ng'ambo alirithi duka, akaniachia niliendeshe. Nilibaki na mashine, mbao mbili, kasha na kanuni. Nililia kwenye kilio kuliko nilivyolia kwa baba yangu mzazi, na sioni aibu kuliandika hili.

Mwaka uliofuata, mwanzo wa mvua, alikuja bwana mmoja aliyekuwa akichapisha karatasi zote za kampuni yake kwetu. Alikuwa mteja mkubwa, mtu wa koti la kijivu na sauti ya chini. Alisimamisha pikapu mbele ya duka, maboksi sita nyuma.

"Papa Banza, ndugu yangu alikufa," alisema. "Alipendaka kusoma, unajua bantu ya reli. Famille imesema bitabu yake yote iende ku bazee."

Nilimsifu. Nilimpigia chapa barua ya shukrani yenye muhuri wa duka, nikaandika kwamba familia yao imeonyesha moyo wa pekee. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Sikumuuliza kama marehemu aliacha mke. Hatukuwa na desturi ya kuuliza vitabu vinatoka nyumba gani, tuliona ni umbea.

Katika boksi la nne kulikuwa na misale nene nyeusi, kitabu cha sala za Misa, ngozi imechakaa kwenye pembe. Ukurasa wa kwanza ulijaa maandishi kutoka juu hadi chini. Wino wa bluu, halafu mweusi, halafu tena bluu, kama mtu aliyerudi kuandika baada ya miaka, kisha akarudi tena. Nakwambia jambo ambalo ningependa kulificha, Nadine. Niliona. Niliona wazi kwamba lile si jina tu. Halafu mawingu yalikuwa yanashuka, meza ilikuwa bado nje, nami nilitaka chai. Nilikata, nikaacha ukingo wangu wa ukucha, nikauchukua ukurasa nyuma nikawashia makaa. Chai ilikuwa nzuri.

Wiki mbili baadaye aliingia mama mmoja wa makamo ya juu, amevaa nguo nyeusi za kufiwa, viatu vimejaa tope jekundu. Alijitaja kwa jina, Mama Umba.

"Papa, niko natafuta misale moya," alisema. "Nyeusi, kubwa. Balileta pamoja na bitabu ya bwana yangu."

Ilikuwa bado ipo, chini ya kamusi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye kaunta, akaifungua moja kwa moja mwanzoni. Akafunga. Akafungua tena.

"Page ya mbele iko wapi?"

Nilimuuliza ni ukurasa gani, na huo ulikuwa ujanja wa kupata muda.

"Ile bwana yangu aliandikaka. Siku alipeleka mahari kwetu, na majina ya ba-témoins. Na batoto yetu. Hortense, Placide, na ile kadogo, Bénédicte. Bote balifia kule kaskazini, mu wakati ya vita. Paroisse, kanisa yetu, iliungua na makaratasi yote, njo maana aliandika mu misale." Alivuta pumzi. "Sasa bandugu yake banasema miye sikuwa bibi yake, asema nilikuwa deuxième bureau tu. Asema sikuzalaka. Banataka nitoke mu nyumba. Juge alisema nilete maandishi yoyote, ata moya. Nitasamba siku ya tatu."

Témoins ni mashahidi wa ndoa, na deuxième bureau, kama mtoto yeyote wa mji huu ajuavyo, ni kimada. Mama huyu alikuwa amezika watoto watatu na mume, na sasa alitakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa nao. Uthibitisho ulikuwa majivu kwenye mbabula yangu, na majivu yenyewe nilikwisha kuyamwaga.

Nilifikiri mambo mengi kwa muda mfupi. Nilifikiri juu ya bwana wa koti la kijivu na karatasi zake za kila wiki. Nilifikiri juu ya barua yangu ya shukrani yenye muhuri. Nilifikiri kwamba jina la Papa Mulumba litasemwa vibaya, na hiyo ndiyo sababu niliyoichagua kwa sababu ilikuwa na sura nzuri kuliko zingine. Lakini nilichoogopa hasa kilikuwa kuonekana mjinga na mkosaji mbele ya yule mama.

"Mama, ilifikaka hivi hivi," nilisema.

"Weye haukuiona ile page?"

"Sikuiona, mama."

Alipitisha kidole kwenye ule ukingo, kuanzia juu hadi chini, polepole. Alinitazama. Sikujua alichokiona.

"Aksanti, papa," alisema.

Nilimpa misale bila malipo, nikaifunga kwa karatasi ya kaki ili isilowe, na kwa dakika moja nilijiona mtu mwema. Alitoka akaelekea njia ya Posta, bila mwavuli.

Jumatano, ile siku ya tatu aliyosema atasamba, yaani atajitetea mbele ya hakimu, nilishona vitabu vinne, mishono yote ya hovyo; ilibidi niifumue baadaye. Mahakama haiko mbali na duka, dakika ishirini kwa miguu, hata kwa goti langu bovu. Ningesimama na kusema: ukurasa ulikuwepo, ulijaa maandishi, niliukata mimi. Sijui kama ingetosha kuokoa nyumba. Labda wangenicheka. Ninachojua ni kwamba saa tatu ilipita, saa nne ikapita, saa sita nikafunga duka nikala bukari na mboga ya lengalenga kama siku nyingine yoyote.

Sikupata habari zake tena hadi mvua zilipokwisha. Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilipeleka blanketi kwa masista. Sista Paskalina, anayesimamia nyumba ya wazee, aliniomba nigawe mwenyewe, kwa sababu wazee wanapenda kumwona mtu wa nje. Nilipita kitanda kwa kitanda nikifanya mizaha yangu ya kawaida. Kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, alikaa Mama Umba. Misale ilikuwa juu ya mto wake, imefungwa tena kwa karatasi yangu ya kaki.

Nilisimama na blanketi mikononi. Alinyoosha mkono akalichukua, akalipima uzito.

"Ni weye wa bitabu," alisema. "Hii balinunua na franga ya bitabu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ya bwana yangu mu ndani?"

Nikasema ndiyo, na ya bwana yake pia. Alilikunjua, akajifunika miguu.

Sista Paskalina alinieleza baadaye, bila kujua kwamba habari ile inanihusu. Hukumu ilimtoa mjane katika nyumba yake ya mtaa wa Bel-Air kabla ya Krismasi, na masista walikuwa wamempokea mwezi ule. Shemeji yake alionyesha hakimu barua kutoka duka moja, yenye muhuri, iliyosifu moyo wa familia ile. Mama naye alionyesha ukingo wa ukurasa, ambapo herufi za mwanzo za mistari zilikuwa zimebaki: Ho, chini yake Pl, chini yake Bé. Wakili wa upande wa pili alisema kwamba hiyo inaweza kuwa orodha ya vitu vya sokoni. Watu walicheka kidogo.

Nilimaliza miezi mitatu kabla ya kusema. Kila mwezi nilipeleka sabuni, kila mwezi nilikwenda na sentensi zangu mdomoni, na kila mwezi nilirudi nazo nyumbani. Mwezi wa nne nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikasema yote kwa mara moja: kanuni, wembe, mbabula, chai. Niliitaja hata chai, sijui kwa nini. Hakushangaa.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Misale iko ya zamani, karatasi yake yote iko rangi ya chai. Pale ulipokata palikuwa peupe. Kama mukate."

"Juu ya nini haukusema, mama?"

"Ningesema nini?" Alinitazama kama alivyonitazama dukani. "Weye njo ulikuwa na kinywa."

Nilianza kumwomba msamaha. Aliinua kiganja, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula.

"Iko na bic?"

Nilikuwa nayo mfukoni, kalamu haikosekani kwa mtu wa kazi yetu. Alifungua misale mwishoni, penye ukurasa mtupu. Nilidhani ataandika mwenyewe, lakini hakuwa na nia hiyo.

"Weye ulikata, weye utaandika," alisema.

Aliniambia mstari kwa mstari, akiwa ameweka kidole kwenye ule ukingo wa mbele kana kwamba maneno yote bado yapo. Siku mume wake alipofika kwao na mahari. Mbuzi, jembe, vitenge, bunduki ya baba yake ambayo haikulia tena. Majina ya mashahidi wawili. Kisha Hortense, aliyezaliwa mvua ikinyesha, na siku aliyokufa. Placide, na siku aliyokufa. Bénédicte, ambaye siku zake zilikuwa arobaini tu, na mama huyu alizitaja kama mtu anayetaja miaka. Nilipoandika haraka alinizuia.

"Andika muzuri. Hii haiko facture."

Niliandika vizuri, si kama ankara ya duka. Nilipomaliza alinitaka nisome, nikasoma, akanisahihisha sehemu mbili. Hakuniambia kwamba amenisamehe, siku ile wala baada yake. Aliniuliza kama sabuni ya mwezi ule ni ile ya kijani ama nyeupe, kwa sababu ya kijani ilikuwa inamwasha. Tangu hapo nilimpelekea nyeupe, na tuliongea kuhusu sabuni, mvua na treni, mambo ambayo mtu anaweza kuongea.

Bwana wa koti la kijivu nilimwambia ukweli pia, kwa barua, nikaomba arudi mahakamani pamoja nami. Hakujibu. Karatasi zake za kila wiki zilihamia duka lingine, na anga halikuanguka juu yetu. Hofu yangu yote ilikuwa kwa ajili ya kazi ambayo duka liliweza kuikosa bila hata kuyumba. Nyumba ya Bel-Air ilikwisha kuuzwa kwa watu wasiojua lolote, na nikiipitia sasa naona wamepaka ukuta rangi ya machungwa.

Mama Umba alikufa Juni ya mwaka huu, kwa kifua. Nilifika Jumamosi yangu na sabuni nyeupe, nikakuta godoro limekunjwa na amekwisha kuzikwa siku mbili nyuma. Hakuna aliyejua nani wa kupigiwa simu. Nililia mbele ya Sista Paskalina, naye alinishika bega akaniambia kwamba mzee alikuwa amechoka.

Na masista, kwa wema wao, hufanya lililo la kawaida: mzee akifa, nguo zake wanapewa wengine, vitabu vinarudi kwenye kasha letu. Boksi lile lilifika wiki yangu ya mwisho, nami nilikuwa kwenye mashine, nimegeuka mgongo. Ulilifungua wewe. Uliona misale, uliona ukurasa wa nyuma umeandikwa wote, ukachukua rula. Nilipogeuka wembe ulikuwa umekwisha kushuka upana wa vidole viwili.

Hukukosea, Nadine. Nilikosea mimi, kwa kukupa mkono wangu bila kukupa kilichoupata. Jioni ile, ulipokwenda zako umenuna, nilipika gundi ya muhogo kidogo, nikaziba mkato kwa karatasi nyembamba. Ukiangalia kwa karibu utauona. Usijaribu kuuficha zaidi.

Wembe nimekuachia, kwa sababu majina mengine bado yanahitaji kukatwa, na kaka wa Papa Mulumba bado ana haki yake. Lakini soma kwanza. Ukikuta zaidi ya jina, weka kitabu kando. Na mtu akileta maboksi ya marehemu, muulize kama kuna mjane, muulize kwa sauti, hata kama ni mteja mkubwa na koti lake ni zuri.

Misale iko katika droo ya chini, upande wa kushoto, juu ya barua yangu ya kazi. Haiuzwi. Sidhani kama yupo atakayekuja kuiulizia, waliomo humo wote wamekufa. Hata hivyo ichukue siku isiyo na wateja wengi, uusome ule ukurasa wa mwisho kutoka juu hadi chini. Mtu akija siku moja akakuuliza kama uliuona, mwambie uliuona.